Nyongeza ya Kibirizi

Jumatano nilishuka mwalo wa Kibirizi, Kigoma, kutafuta habari ya kazi ya darasa letu la uandishi: wauza dagaa waliishije Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa wavuvi upande wetu wa Tanzania, Mei 15 hadi Agosti 15, 2024.

Nilimkuta mama mmoja anageuza dagaa kwenye chanja. Shikamoo, marahaba, akanigeuzia ndoo nikalie. Simu ilikuwa mfukoni mwa shati, imeshaanza kurekodi. Sikumwambia. Tukaongea ada za shule, bei ya mawese, hadi akashusha sauti: kuna usiku alinunua dagaa ambao kwa amri ile hawakutakiwa kuvuliwa. Moyo ulinidunda. Habari si ndiyo hiyo!

Nilipoaga alitaka kunifungia dagaa kidogo, maana mgeni haondoki mikono mitupu. Nikakataa, tena kwa madaha: "Mama, sisi waandishi haturuhusiwi zawadi." Simu inarekodi kwa siri, mimi nakataa dagaa!

Usiku huohuo niliandika yote, na jina lake juu.

Mwalimu wetu hakugusa hata herufi moja. Aliuliza tu, "Huyu mama alijua unamrekodi?" Nikajibu kwamba alinikaribisha vizuri. "Alikaribisha mgeni."

Kanuni za maadili za Baraza la Habari tulizisoma muhula uliopita. Mwaka baraza lilipoanzishwa, 1995, naujua usingizini, na swali la kulinda chanzo cha habari nililipata lote.

Leo nimerudi kwa yule mama. Nikamweleza, hata habari ya simu. Akageuza safu nzima ya dagaa kabla hajaniangalia. "Kumbe ulikuwa unanitega, mwanangu."

Sikuwa na la kusema. Nikafuta ile sauti mbele yake. Baada ya kitambo akasema niandike alivyouza mawese miezi ile mitatu na alivyokwama marejesho ya kikundi. Jina hapana. Za usiku ule hapana.

Kisha nikanunua kopo moja la dagaa, nikalipa. Akaongeza viganja viwili vilivyojaa. "Nyongeza hiyo."

Nyongeza hupewa kila mteja, najua. Lakini viwili, tena vya kufurika? Nimemwandikia mwalimu, hajajibu. Dada ameshabandika kikaango.