Mtetemo wa Datsun ya Baba

Mtetemo ulianzia kwenye kilomita 75 kwa saa, ukapanda mpaka 90, kisha ukapungua kidogo bila kwisha. Usukani ulikuwa umetulia mkononi. Mtetemo ulitoka chini ya sakafu, ukapanda kwenye kiti na kuingia mgongoni, na tasbihi ya marehemu baba, ambayo tangu utotoni mwangu inaning'inia kwenye kioo cha ndani, ilikuwa haihesabiki tena punje zake kwa jinsi zilivyoungana zikawa mstari mmoja wa ukungu. Tasbihi hiyo ndiyo iliyokuwa kipimo changu kwa miezi mitano ya mwaka 2014.

Gari lenyewe ni Datsun 1200 ambalo baba alilinunua mwaka 1972, wakati ambapo Datsun zilikuwa zimetoka kushinda mbio za Safari miaka miwili mfululizo, 1970 na 1971, zote mbili Edgar Herrmann akiwa usukanini. Baba alilivusha gari hilo mara nyingi kwenye daraja la zamani la Nyali, lile lililoelea juu ya maji, kabla ya daraja la sasa kufunguliwa mwaka 1980. Aliponiachia, injini yake ya asili ya sentimita za ujazo 1,171 ilikuwa imechoka kabisa. Niliamua kuweka injini ya A15, ambayo ni ya ukoo uleule lakini ina sentimita 1,488, pamoja na giaboksi ya gia tano. Kwa kuwa mimi huenda Malindi mara kwa mara, na gari lilikuwa likigusa chini kila nilipolipakia, niliwaomba mafundi waongeze pia bapa moja kwenye kila springi ya nyuma ili linyanyuke.

Giaboksi mpya ilikuwa ndefu kuliko ile ya gia nne, hivyo propela, lile bomba refu linalopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi ekseli ya nyuma, ilibidi ikatwe, ifupishwe na kuchomelewa upya. Basi mtetemo ulipojitokeza siku ya kwanza tu nilipolichukua gari, kila niliyemweleza alinyoosha kidole upande mmoja: propela imekatwa vibaya. Nami niliamini hivyo, na imani ile ilinigharimu.

Niliipeleka propela kufanyiwa balansi mara mbili. Niliweka krosi mpya, vile viungo vinavyoiruhusu propela kupinda, mbele na nyuma. Nilibadilisha mauntingi, yaani vishikizo vya mpira, ya giaboksi, nikafanya balansi ya tairi zote nne, kisha nikaazima rimu na tairi za rafiki yangu ili nijiridhishe. Kila mara nilipofunga nati ya mwisho nilitoka na matumaini hadi Bamburi, na kila mara tasbihi ilipotea machoni kabla sijafika Shanzu.

Hatimaye nilimwendea ami yangu, mdogo wake baba, ambaye alifanya kazi ya ufundi wa winchi za bandarini Kilindini mpaka alipostaafu. Sikutaka kumsumbua mapema kwa sababu magoti yake hayamruhusu tena kulala chini ya gari. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameniuliza.

"Ukitoa gia kwenye kasi hiyo na kuliacha gari lijiendee, mtetemo unabaki ama unaondoka?"

Sikuwa na jibu. Jioni ileile, katika mteremko wa Mazeras ambapo barabara ilikuwa tupu, nilifika 90 nikaweka gia huru. Injini ilishuka ikatulia, lakini mtetemo ulibaki palepale na ukashuka pamoja na mwendo wa gari. Kwa jambo hilo moja, ami aliitoa lawamani injini, klachi na mauntingi yake yote, kwa kuwa kitu kinachofuata mwendo wa magurudumu bila kujali injini hakiwezi kuwa mbele ya giaboksi.

Kisha alichukua kalamu akapiga hesabu nyuma ya bahasha. Tairi za gari hilo huenda mita 1.8 hivi kwa mzunguko mmoja, kwa hiyo kwenye kilomita 80 kwa saa gurudumu huzunguka kama mara 12 kwa sekunde. Difu yake, yaani gia za katikati ya ekseli ya nyuma zinazogeuza magurudumu, ina uwiano wa karibu 3.9, maana yake ni kwamba propela huzunguka mara 48 katika sekunde hiyohiyo. "Mtikisiko wa mara 12 utausikia kwa makalio na unaweza karibu kuuhesabu," aliniambia. "Huu wako unaimba, mwanangu. Usiguse tena tairi."

Hapo tulirudi kwenye propela, na nakiri nilifurahi, nikidhani nimepata ushahidi wa nilichokuwa nikikisema tangu mwanzo. Tuliifungua tukaiweka juu ya meza. Ami aliangalia uma mbili za mwishoni ambazo hushika krosi, kwa kuwa fundi akichomelea moja ikiwa imepinda kuliko mwenzake, hakuna balansi itakayoponya. Zilikuwa zimelingana sawasawa. Tuliirudisha, tukaliweka gari juu ya stendi magurudumu yakizunguka, nami nikasogeza chaki polepole karibu na bomba la propela mpaka ikagusa. Ilichora duara kamili, si alama ya upande mmoja, ishara kwamba bomba halikupinda. Tulifunga klipu mbili za mpira wa maji karibu na mkia wake ziwe uzito wa kusawazisha, tukizihamisha nafasi kila tulipojaribu barabarani, na hakuna nafasi iliyopunguza chochote. Aliyeifupisha propela ile alifanya kazi safi, na nilikuwa nimemsema vibaya kwa miezi mitatu.

Kilichotufungulia njia kilitokea bila kukipanga. Kulikuwa na harusi Kilifi, nami nikawachukua shangazi zangu watatu, wote wakae nyuma, na masanduku yao yakajaza buti. Tulipopita Mtwapa nilikuwa kwenye 85. Nilitazama kioo ili nimjibu shangazi mkubwa, nikaona punje za tasbihi moja moja. Zilikuwa zikitetemeka kwa mbali, lakini ningeweza kuzihesabu. Nilinyanyua mguu kwenye mafuta, mtetemo ukarudi kidogo, nilipokanyaga, ukafifia. Nililirudia jambo hilo mara nyingi mpaka shangazi akaniuliza kama gari lina kwikwi.

Nilipomsimulia ami, alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema kwamba propela isiyo na balansi haijui kama umebeba watu au hujabeba. Kitu kinachobadilika watu wakikaa nyuma ni pembe.

Alinionyesha kwa krosi kuukuu aliyoishika mikononi. Shafti ikigeuza krosi iliyonyooka, upande wa pili huzunguka sawa na upande wa kwanza. Krosi ikifanya kazi kwa pembe, upande wa pili huharakisha kidogo na kuchelewa kidogo, mara mbili katika kila mzunguko, na kadiri pembe inavyokuwa kubwa ndivyo kukimbia na kuchelewa huko kunavyozidi. Ndiyo sababu propela huwekwa krosi mbili: ile ya nyuma inasawazisha kile ilichoharibu ya mbele, mradi uma zimelingana na pembe za mbele na nyuma ziko sawa au zinakaribiana. Pembe zikitofautiana sana, difu hupokea mapigo mawili kwa kila mzunguko wa propela, takriban 96 kwa sekunde kwenye kilomita 80, na mwili wa gari huyapokea kama ngoma.

Kosa letu sote, mafundi na mimi, lilikuwa kulikagua gari likiwa limenyanyuliwa kwa jeki, ekseli ya nyuma ikining'inia. Katika hali hiyo pembe unazoziona hazina uhusiano wowote na zile za barabarani. Safari hii tulilipeleka kwenye gereji yenye shimo, tukahakikisha sakafu kwa pima maji, gari likasimama kwa magurudumu yake lenyewe. Mimi niliingia shimoni, ami akakaa juu kwenye kiti akiandika.

Kifaa kilikuwa kipimapembe cha plastiki kutoka kwenye seti ya hesabu ya binti yangu. Nilipitisha uzi katika tundu lake la katikati, nikafunga nati ndogo mwishoni iwe timazi, nikakibana kwanza kwenye bomba la propela, halafu kwenye uso bapa wa flanji ya difu, halafu kwenye mkia wa giaboksi, nikisubiri kila mara nati iache kuyumba. Giaboksi ilikuwa imeinama nyuzi 3 kuelekea nyuma. Propela iliinama nyuzi 4. Pua ya difu, pale propela inapoingia, ambayo ilitakiwa iangalie juu kidogo, ilikuwa imeangalia chini kwa nyuzi 2. Krosi ya mbele ilikuwa ikifanya kazi kwa pembe ya nyuzi 1 na ya nyuma kwa nyuzi 6.

Nilitoa tochi kuangalia juu ya springi. Pale ekseli inapokalia springi kulikuwa na kabari ya chuma kila upande, ambazo sikuwahi kuambiwa habari zake. Mafundi waliolinyanyua gari walijua kwamba ekseli inahitaji kurekebishwa pembe, wakaweka kabari za nyuzi 2, ila upande mnene waliuelekeza nyuma.

Hatukununua chochote siku ile. Tulilegeza bolti za U zinazobana ekseli kwenye springi, tukageuza kabari upande mnene ukatazama mbele, na pua ya difu ikapanda nyuzi 4, yaani ikawa juu kwa nyuzi 2. Ami aliridhika nayo hapo, chini kidogo ya zile 3 za giaboksi, kwa sababu ukikanyaga mafuta ekseli hujisokota na pua hupanda yenyewe. Krosi ya nyuma tulikuja kuibadilisha wiki iliyofuata, kwa kuwa beringi zake za sindano zilikuwa zimeanza kuacha mikwaruzo ya kuhisika kwa ukucha.

Baada ya sala ya isha tulitoka kwenda Mtwapa. Ami alikataa kiti cha mbele, akakaa nyuma juu ya difu, kiganja kikiwa sakafuni. Kwenye 75 hakusema neno. Kwenye 90 niliachia mafuta, nikakanyaga, nikaachia tena, na tasbihi ikawa inayumba tu na kona za barabara. Aliniomba nigeuze gari turudi gereji. Aliagiza patasi na nyundo, akanielekeza kutoka pale juu alipokaa, nami nikagonga kwenye upande mnene wa kila kabari herufi M, ya mbele, ili fundi atakayezifungua baada yetu asikosee.