Kucha na kopo la udongo

Jumamosi nimerudi nyumbani, harufu ikanipokea mlangoni kabla ya mtu. Mke wangu kachemsha sufuria nzima ya majani ya mwarobaini. Mdogo ana tetekuwanga, na kwetu mwenye tetekuwanga huogeshwa mwarobaini, hata kama umetoka hospitali na mfuko wa dawa. Mtoto yumo ndani ya beseni, analia kwamba maji ni machungu na hata hajayaonja. Nimesimama na mkate mkononi, na aliyenijia si mtoto wala utoto wangu. Alinijia mbwa.

"Baba, na wewe uliogeshwa haya?"

"Mimi, na mbwa wangu."

Kilio kikakatika. "Mbwa alikuwa na tetekuwanga?"

Hapana. Kucha alikuwa na kitu cha ajabu zaidi.

Ilikuwa mwaka 2014, Tanga, kwa Bibi pale Ngamiani. Nimemaliza chuo, kazi hakuna, nimerudi kwake "kwa muda", na muda ukawa unaota mizizi. Mbwa nilimkuta kwenye mtaro karibu na soko la Mgandini, watoto wanamfanyia shabaha kwa mawe. Nusu ya mwili haina manyoya. Ngozi ya tumboni na kwapani imekuwa nyeusi, nene, ina mikunjo kama ya tembo, na masikio yananuka kama unga uliochacha. Kwa nini nilimchukua sijui. Labda kwa sababu na mimi nilikuwa sina pa kwenda.

Bibi hakutaka hata kumwona. "Mtoe huyo. Mbwa najisi." Kesho yake akakaa dirishani, akamtazama anavyojikuna, akamtazama tena, kisha akasema, "Wahenga walisema Mungu hampi kucha mwenye upele. Huyu kapewa vyote viwili." Jina likapatikana hapo. Na kweli, usiku kucha Kucha anajikuna, mguu wa nyuma unagonga bati la uani, tap tap tap, nyumba nzima haijalala.

Masharti ya Bibi yalikuwa machache: mbwa akae uani chini ya mwarobaini, asikanyage kibaraza, na mate yake yasimguse. "Wa ulinzi anaruhusiwa," alikubali. "Lakini huyu atamlinda nani? Mwizi mwenyewe atamwonea huruma."

Ya matibabu nitayapitisha haraka, maana mengine yananitia aibu. Nilianza kwa kumpaka oili chafu ya gari, kwa kuwa kila mtu mtaani aliniambia ndiyo dawa ya upele wa mbwa. Msifanye. Oili ile ni sumu, inachoma ngozi, na mbwa anailamba. Akaja bwana mifugo na sindano za upele, tatu, hola. Akachomwa nyingine ya kutuliza muwasho. Kwa wiki mbili akawa mbwa mwingine, ila anakunywa maji kama ngamia na kukojoa kama bomba bovu, kisha yote yakarudi palepale. Kilichompa nafuu kidogo ni mwarobaini. Bibi anachemsha, anaacha upoe, anasimama mbali na kuniamuru: "Mmwagie na tumboni. Tumboni, nimesema!"

Mwishowe nikapata daktari wa mifugo aliyefanya ambalo hakuna aliyelifanya: akakwangua ngozi kwa kiwembe hadi damu ikachungulia, akaipaka kwenye kioo, akatazama kwa hadubini. Wadudu wa upele hakuna. Akaniuliza mbwa anakula nini. Nikamwambia: ugali, dagaa, makombo, mchuzi wa nyama, vichwa vya kuku, chochote.

"Huyu namshuku ana aleji ya chakula."

Nilicheka. Mbwa aliyelelewa na jalala ana aleji ya chakula? Aleji nilidhani ni ya watu wa Masaki. Yeye hakucheka. Akanieleza kwamba mzio hautafuti tajiri wala maskini, na mara nyingi hauletwi na chakula kigeni, bali na kile ambacho mnyama amekila siku zote, mpaka siku moja mwili unakigeukia. Kwa mbwa, wanaotuhumiwa sana ni nyama ya ng'ombe, maziwa, kuku na ngano. Kipimo cha damu cha kutegemea hakuna. Kipimo ni sahani: wiki nane, nyama ya aina moja na wanga wa aina moja, vyote ambavyo hajawahi kuvila, na kisiingie kingine kinywani hata tonge.

Mbwa wa mtaroni hajala nini? Tukaishia kwenye sungura na viazi vitamu.

Basi mimi, msomi asiye na ajira, nikawa nafundisha twisheni watoto wa kidato cha pili ili mbwa ale sungura. Nawafuata Pongwe kwa mfugaji mmoja, narudi nao kwenye daladala ndani ya kikapu, naulizwa na kila abiria kama ni kitoweo, na sina ujasiri wa kusema ni cha nani. Bibi akawa anahesabu. "Sisi dagaa, mbwa sungura. Haya. Tuishi tuone."

Wiki ya nne bati halikugongwa usiku kucha. Niliamka kwa hofu, nikadhani amekufa. Kumbe kalala. Manyoya membamba yakaanza kuchipua mgongoni kama nyasi baada ya vuli.

Wiki ya tano bati likaanza tena.

Hapo ndipo nilipogeuka polisi. Nilimshuku kila mtu mwenye mkono na chakula. Mtoto wa jirani, wa miaka tisa hivi, alikuwa na tabia ya kupitisha mikono kwenye uwazi wa ua kumchezea Kucha; nikamfokea mbele ya mama yake, nikamwita mwongo alipokana. Mama yake akamshika mkono wakaondoka, na tangu siku ile salamu zikawa fupi. Vilevile niliona karibu na bomba la uani kopo la rangi limejaa udongo mwekundu, safi, uliochekechwa. Nikadhani Bibi anataka kupanda mrehani. Upelelezi wangu uliishia hapo.

Alfajiri moja niliamka kwenda chooni. Adhana bado. Mlango wa uani umerudishwa tu, haukufungwa, na nje nikasikia sauti ya Bibi. Si ile ya kuamuru. Ilikuwa ya chini, ya kubembeleza, aliyokuwa akinisemesha nayo zamani nikiwa na homa.

"Kula, baba. Kula. Huyo bwana anakutesa na masungura yake."

Nikachungulia. Bibi amechuchumaa. Magoti yale aliyokuwa akiyalalamikia asubuhi na jioni, yaliyomfanya aswali kwenye kiti, amechuchumaa nayo, kanga imekunjwa, kikombe cha bati kiko chini kando yake. Kiganja cha kushoto amekifungua, maana mkono wa kulia ni wa kulia chakula, na juu yake andazi lililolowekwa kwenye chai ya maziwa mpaka limelegea. Kucha anakula kiganjani. Hapapii. Analamba polepole, mpaka katikati ya vidole, na andazi lilipokwisha Bibi akauacha mkono palepale.

Kisha akainuka kwa kushika ukuta, akaenda bombani. Akachota udongo kwenye kopo, akausugua mkononi na maji, akasuuza.

"Moja."

Akafungulia maji. "Mbili."

Mnajua hukumu yake kwetu Waislamu: palipoguswa na mate ya mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Ndipo nilipolielewa kopo. Sijui alianza lini, lakini kila alfajiri, kabla ya kutawadha, mwanamke wa miaka sabini na kitu alijitia najisi kwa makusudi kisha akajitoa, saba kwa hesabu, gizani, ili mimi nisione.

"Tatu. Nne."

Hapo nikatoka. Ningeweza kusubiri ifike saba. Ningeweza kurudi kitandani. Nilitoka na wala sikumwamkia.

"Bibi! Kumbe ni wewe! Unamuua huyu!"

Hakugeuka. Maji yanamwagika juu ya mkono. Akanyamaza muda mrefu hata nikadhani analia. Kumbe anaitafuta namba. Halafu akasema, kwa ukali wa mtu aliyekatizwa kazi yake, "Umenipotezea hesabu."

Akachota udongo upya. "Moja."

Nikasimama pale mpaka saba. Adhana ilianza alipofika tano. Kucha amekaa kati yetu, anajikuna sikio.

Baadaye aliniambia mambo mawili tu. Kwanza, daktari wangu alikataza nyama, na andazi si nyama. Nilikuwa nimeshaeleza mara kumi, lakini huenda nilieleza kama mwalimu wa twisheni. Pili: "Kiumbe kinanitazama mdomo, mimi nimeze?"

Tukaanza wiki nane upya. Manyoya yakaota. Zilipokwisha, daktari akaturuhusu kurudisha chakula kimoja kimoja: ng'ombe, salama; dagaa, salama; maziwa, siku ya tatu masikio yakawa mekundu kama pilipili. Kwa hiyo nilikuwa sahihi. Nimelisema hilo mara nyingi, na kila nikilisema haliniongezei kitu. Mtoto wa jirani nilimnunulia aisikrimu badala ya kumwomba radhi. Aliila akinitazama.

Kazi ilipopatikana Dar, Kucha alibaki kwa Bibi. Kwenye simu alikuwa anatoa taarifa kama karani: "Mbwa wako hajambo. Maziwa hapewi." Anapewa nini, na kwa mkono gani, sikuuliza.

Bibi alitutoka 2017. Nilifika Tanga mchana, watu wamejaa, nikapita uani kunawa uso. Kucha alikuwa amelala chini ya mwarobaini, ana manyoya mwili mzima, mnene kidogo. Pembeni ya bomba lile kopo la rangi bado lipo, udongo umechekechwa, umefika nusu, juu yake alama ya vidole vilivyochota. Nilikuwa nimeinama nautazama shangazi alipotokea nyuma yangu na haraka zake za msiba. Akalichukua kopo, akaumwaga udongo chini ya mpapai, akalisuuza mara moja, akanikabidhi nichotee wageni maji.