Aliziba masikio, si macho

Tumemaliza kuangalia Halloween, ile filamu ya kutisha ya mwaka 1978, sasa hivi. Mdogo wangu amegoma kwenda kuzima taa ya sebuleni.

Mimi nilikuwa namwangalia yeye kuliko filamu. Muuaji akikaribia, nategemea atajifunika uso na khanga. Wapi! Macho kayatoa, vidole viwili vimeziba masikio.

Nikamwambia, mama, hapo umegusa penyewe.

John Carpenter aliiongoza filamu hii na kuitungia muziki mwenyewe. Pesa ilikuwa ndogo, okestra angeitoa wapi? Akabaki na piano na sintesaiza, yaani kinanda cha umeme kinachotengeneza sauti. Kabla ya hapo alimwonyesha bosi mmoja kijana wa studio filamu ikiwa haina muziki. Yule dada hakuogopa hata chembe! Carpenter akaazimia kuiokoa kwa muziki.

Na mdundo wenyewe ni wa mapigo matano. Baba yake ndiye aliyemfundisha utotoni, kwa zile ngoma ndogo pacha za mkono.

Nimejaribu kuugonga mezani kwa kucha. Moja, mbili, tatu, nne… mguu unataka kutua hapo kama tulivyozoea, mkono unasema bado, kuna tano. Hapo hapo tumbo linakaza. Muziki wa noti chache vile!

Nawaheshimu sana hawa watunzi wa filamu za pesa kidogo. Majina yao hupita mwishoni sisi tumeshasimama.

Jamani, nyie ni muziki wa filamu gani uliowahi kuwafanya mzibe masikio? Niandikieni hapa, bado tuko macho.