Kanga Nisiyoikata

Nimerudi jana jioni kutoka Makunduchi. Upande mmoja wa kanga yangu umetundikwa mlangoni, vumbi la uwanjani limo bado kwenye pindo, na sina haraka ya kuufua.

Kwa ambaye hajafika: Mwaka Kogwa ni mwaka mpya wa watu wa kusini Unguja. Huja Julai, na asili yake huhusishwa na Nairuzi ya Waajemi. Kogwa ni kuoga, kujitoa uchafu wa mwaka uliopita. Uwanjani wanaume wa pande mbili hutandikana kwa mabua ya migomba mpaka vinyongo viishe, kisha kibanda cha makuti huchomwa moto. Wapiga picha hukimbilia mabua na moto. Mimi nafuata wanawake, wanaozunguka wakiimba, maana rangi yote ya uwanja ule ni wao.

Mwaka huu shangazi aliniagiza nishone sare ya wanawake kumi na wawili wa ukoo wetu. Doti tulizichagua pamoja sokoni Darajani, na jina lake lilinifurahisha: MGENI NJOO MWENYEJI APONE. Kwetu, siku ya Mwaka, nyumba isiyopata mgeni haina raha.

Kitenge hakinisumbui, nakata popote. Kanga inakuja ikiwa imeshakamilika: pindo pande zote nne, mji katikati, jina chini. Gauni la kwanza nililikata kwa mkato wa kisasa, kiuno kimebana, marinda chini. Nililipenda sana. Shangazi akaligeuza, akasoma jina kwa kidole. Neno la mwisho lilikuwa limemezwa na mshono wa ubavuni.

"Mwanangu, kupona kwetu kumekwenda wapi?"

Hakucheka. Kisha akauliza lililoniuma zaidi: "Na nikitaka kuivua nimpe mtu?"

Nilikaa na swali hilo siku kadhaa. Kanga ya bibi yangu ilibeba watoto, ilifunika maiti, ilifuta jasho, ilitandikwa chini mgeni akakaa. Gauni langu zuri lingefanya kazi moja tu, kumpendeza aliyelivaa. Nikauweka mkasi kando.

Ilichukua wiki tatu. Upande wa kwanza unazungushwa kiunoni ukiwa mzima, umeshikwa na tepe nilizozishonea ndani ya pindo la juu, na jina linakaa nyuma, herufi zote zinasomeka. Upande wa pili unapanda begani, marinda yake yameshikwa kwa vishikizo badala ya uzi. Ukivibandua unabaki na kanga kama ilivyotoka dukani. Chini ya hayo ni blauzi nyeupe ya mikono mirefu, na hiyo peke yake ndiyo niliyoikata. Kazi kubwa ilikuwa bega: wanawake wa Mwaka wanapiga makofi mikono ikiwa juu, na kitambaa kilikuwa kikiteleza kila nilipojaribu kucheza nacho mbele ya kioo. Nilihamisha vishikizo mara nne.

Juzi nikawaona wote kumi na wawili wakiingia uwanjani wakiimba, maneno ya Kikae, lahaja ya Makunduchi, yakinijia moja moja kutoka utotoni. Bega halikuteleza. Nililia, na sioni haya kuliandika.

Kibanda kilipowashwa upepo ukageuka, moshi ukatujia. Kando yetu alisimama mama mmoja mgeni kutoka Bara, mtoto mchanga mkononi, hana hata kitambaa cha kumkinga. Shangazi alipeleka mkono begani. Tak, tak. Upande ule ukawa mikononi mwake, akamfunika mtoto, akamfunga mgongoni mwa mama yake kama anavyomfungia binti yake mwenyewe. Yeye akabaki na blauzi, mtandio wake kichwani, akaendelea kuimba.

Yule mama alipotaka kuurudisha jioni, shangazi alikataa katakata. Ndipo nikabandua wa kwangu, nikampa shangazi ili doti yake itimie. Ndiyo maana mlangoni kuna upande mmoja.

Vishikizo vya chuma vimeanza kushika kutu kwa jasho na maji ya chumvi. Mwakani nitajaribu vifungo vya kifuu cha nazi.