Nilivyoweza kuusoma ushindi wa Kamil Stoch bila kudanganywa na mita

Ushauri mbaya kuliko wote niliopewa kuhusu mchezo wa kuruka kwa skii, ule wa kuteleza kwa mbao ndefu miguuni kwenye njia ya mteremko, kisha kuruka na kupaa hadi kutua chini, ni huu: "Angalia nani katua mbali, huyo ndiye mshindi." Unatolewa kila majira ya baridi, tena kwa uhakika mkubwa. Ukiufuata hutaelewa kamwe kwa nini Kamil Stoch wa Poland ana dhahabu tatu za Olimpiki katika mashindano ya mtu mmoja mmoja. Mbili kati ya hizo alizichukua siku ambazo mshindani wake mkuu alimpita kwa mita katika mruko wa mwisho.

Nilichofanya ni kuachana na video za dakika mbili na kuchukua karatasi za matokeo. Gharama ni daftari na bando la kawaida, basi.

Kitu cha kwanza kuandika juu ya ukurasa si jina la mrukaji, ni herufi K ya kilima. Kila kilima kina nukta K, alama kwenye mteremko inayohesabiwa kwa mita kutoka ukingo wa kurukia, na anayetua hapo hasa anapata pointi 60 za umbali. Kwenye vilima vile vikubwa mno vya kupaa, kama Planica nchini Slovenia, anapata 120. Akipita nukta hiyo anaongezewa, akiishia kabla yake anapunguziwa. Kilima cha kawaida, kila mita ni pointi 2. Kilima kikubwa, pointi 1.8. Kilima cha kupaa, 1.2. Umbali hupimwa kwa nusu mita.

Ndiyo maana mita tupu hazina maana. Chukua mruko wa mita 130 katika Mashindano ya Vilima Vinne ya 2017/18, yanayofanyika kwenye vilima vinne vya Ujerumani na Austria, vikiwemo Innsbruck na Bischofshofen. Innsbruck wakati huo K ilikuwa 120, kwa hiyo mita 10 za ziada mara 1.8 ni 18, jumla 78. Bischofshofen K ni 125, mita 130 zile zile zinaleta 69 tu. Pengo la pointi 9 kwa umbali uleule! Stoch alishinda vilima vyote vinne mwaka ule, jambo ambalo kabla yake alikuwa amelifanya Sven Hannawald peke yake, 2001/02. Kila mwaka kuna anayejaribu kulinganisha miruko hiyo kwa mita. Haifai. Toa K kwanza, zidisha, ndipo ulinganishe.

Sasa nije kwenye hesabu ninayojivunia kuliko zote: Olimpiki ya Sochi, Urusi, 2014, kilima kikubwa, K 125, kila mmoja akiruka mara mbili na pointi zikijumlishwa. Stoch aliruka 139.0 kisha 132.5. Noriaki Kasai wa Japani, akiwa na miaka 41, aliruka 139.0 kisha 133.5. Mruko wa kwanza wamefungana, wa pili Kasai kapita kwa mita nzima. Dhahabu ikaenda kwa Stoch, 278.7 dhidi ya 277.4.

Chukua kalamu. Mruko wa kwanza, mita 14 juu ya K, yaani 60 na 25.2, kila mmoja ana 85.2. Wa pili, Stoch ana 7.5 mara 1.8, jumla 73.5, Kasai ana 8.5 mara 1.8, jumla 75.3. Kwa umbali peke yake Kasai anaongoza kwa 1.8. Mwisho wa siku kashindwa kwa 1.3. Jumlisha hizo mbili: pointi 3.1 zimehama kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine bila mita hata moja kuhusika. Hizo 3.1 ndizo ubingwa wenyewe, na zimo kwenye safu tatu za karatasi ambazo watu huziruka: majaji, upepo na lango.

Majaji ni watano, kila mmoja na pointi 20. Ya juu kabisa na ya chini kabisa zinafutwa, tatu zinazobaki zinajumlishwa, kwa hiyo upeo ni 60. Wanaangalia utulivu angani, kutua, na kuteleza hadi chini. Kutua kunakotakiwa ni kwa telemaki: mguu mmoja mbele, magoti yamekunjwa, mikono imenyooshwa kando. Asiyetua hivyo anakatwa na majaji wote kwa pamoja. Hapa pana jambo ambalo wengi hawalioni. Kadiri unavyotua mbali, mteremko unaanza kulala na kishindo miguuni kinaongezeka, kwa hiyo telemaki inazidi kuwa ngumu. Mita za mwisho unalipwa kwa mkono mmoja na unaweza kunyang'anywa kwa mwingine. Olimpiki ya Pyeongchang, Korea Kusini, 2018, kilima kikubwa, Andreas Wellinger wa Ujerumani aliruka mita 142.0 katika raundi ya pili, Stoch 136.5. Stoch akashinda, 285.7 kwa 282.3.

Upepo na lango viliingizwa kwenye hesabu kuanzia msimu wa 2009/10. Upepo wa mbele unamwinua mrukaji, kwa hiyo anakatwa pointi. Wa nyuma unamkandamiza, anaongezewa. Lango ni mahali anapoanzia kuteleza. Likishushwa kasi inapungua, na fidia inatolewa. Kocha anaweza kuomba lishushwe kwa ajili ya mtu wake, lakini pointi hizo anazipata tu akifika asilimia 95 ya ukubwa wa kilima, ile HS ya mita inayoandikwa pembeni ya jina la kilima. Kwa HS 140 ni mita 133. Akitua 132.5, kasi kaipoteza na fidia kaikosa. Kocha anayeomba hivyo anamwamini sana mrukaji wake.

Ukitazama mruko wenyewe, usisubiri kutua. Tazama ukingoni mwa njia ya kutelezea, ambapo mrukaji anafika kwa kasi ya kilomita 90 hivi kwa saa na ana chini ya nusu sekunde ya kujisukuma. Akiwahi, nguvu inaisha kabla ya ukingo. Akichelewa, sehemu ya msukumo inapotea hewani na anaanza safari akiwa chini. Stoch wa siku nzuri hakuwa na papara pale: alitoka, skii zikafunguka umbo la V, na mwili ukatulia mara moja bila kusahihishwa tena.

Wapo pia wanaosema siri ni wepesi tu, jikondeshe upae. Ushauri huo ni wa hatari, na kanuni zimewekwa kuuzuia. Skii haziruhusiwi kuzidi asilimia 145 ya kimo. Mtu wa sentimita 173 kama Stoch anapata karibu sentimita 251, lakini kwa kanuni za miaka ile ya ushindi wake, uzito wake na suti na viatu, ukigawanywa kwa kimo cha mita mara kimo, ulilazimika kufika 21, yaani kilo 63 hivi. Akipungua, skii zinafupishwa, na skii fupi ni eneo dogo la kubebwa na hewa.

Jizoeze na ile nafasi ya nne ya Stoch, kilima cha kawaida, Pyeongchang 2018. Alikosa shaba kwa 0.4 tu: Robert Johansson wa Norwei 249.7, yeye 249.3. K ilikuwa 98, kwa hiyo nusu mita ni pointi 1 kamili. Majaji hutoa kwa nusu pointi. Umbali na majaji, ukivijumlisha vyovyote, haviwezi kuleta 0.4. Sehemu ile ya mwisho ya hesabu lazima itoke kwenye upepo au lango. Fungua safu hizo mbili, utaikuta.