Siku moja na kidude cha Mama

Saa 11 alfajiri. Nikishasali, nachomoa kwenye chaji kidude kinachonionyesha Mama alipo. Kina ukubwa wa kiberiti, na ndani yake mna laini ya simu. Nakitia kwenye kijifuko nilichokishona ndani ya buibui la Mama. Tulianza na saa ya mkononi, akawa anaivua na kuiacha kwa majirani.

Saa 1. Chai na boflo. "Wewe mtoto wa nani?" "Wako, mama." "Alhamdulillahi."

Saa 3. Nipo kwenye cherehani, Darajani. Kwenye ramani nimeizungushia nyumba yetu ya Kiponda duara la mita 200. Mama akilivuka, simu yangu inalia.

Saa 5 na robo inalia. Nafungua: Mama yumo baharini, mbele ya bandari! Mara ya kwanza kuona hivyo nililia kwa sauti. Kidude kinahitaji setilaiti zisizopungua 4 ili kijue kilipo, na vichochoro vya Mji Mkongwe havina mbingu ya kutosha. Ishara zinagonga kuta za mawe, nukta inaruka. Kwa hiyo siitazami nukta moja, natazama njia aliyopita. Njia ya leo inaelekea Malindi, kwenye soko la samaki, kama ya juzi, kama ya wiki iliyopita. Miaka mingi Mama alipika samaki wa kuuza, na saa hizi ndizo alizokuwa akienda kununua. Hapotei. Anakwenda kazini.

Nampigia muuza samaki. "Bibi yupo, dada. Anachagua."

Namkuta ameinama, kidole gumba kimefunua shavu la changu, anatazama wekundu wake. "Hawa wa jana," anasema, anawasukuma kando. Muuzaji anakubali kwa kichwa, anatoa wengine. Jina langu limempotea Mama, ila samaki mbichi bado anamjua.

Wapo wanaoniambia namchunga mama yangu kama mbuzi. Nilimwomba ruhusa asubuhi moja akili yake ilipokuwa imetulia. Akasema: "Kiweke. Lakini mlango usinifungie." Mwezi uliopita bando liliisha bila mimi kujua, tukamtafuta kutoka alasiri hadi isha. Sasa naangalia salio kila usiku.

Saa 2 usiku tunakula. "Kaleta nani samaki hawa?"

"Wewe, mama."

Anamega, anatafuna taratibu. "Ndiyo maana wabichi."