Saa mbili baada ya kipenga

Vyuo vingi vya Kenya hupambana na pombe kwa mhadhara. Mgeni anaitwa ukumbini mwanzoni mwa muhula, anaonyesha picha za ini lililooza, wanafunzi wanapiga makofi, na Jumamosi mambo yanarudi palepale. Kwa timu za michezo tatizo halikai ukumbini. Linakaa katika saa mbili zinazofuata kipenga cha mwisho. Wachezaji wana njaa na kiu, posho imetoka sasa hivi taslimu, mashabiki wanangoja nje, na mtu mzima mmoja, mara nyingi aliyewahi kusoma hapo na mwenye nia njema kabisa, ameshalipia kreti tatu za bia. Ninaamini kwamba nahodha na meneja wakizipanga saa hizo mbili, watakuwa wamefanya kazi kubwa kuliko mihadhara kumi.

Chakula ndicho cha kwanza. Kikosi cha raga ya wachezaji 15 huwa na watu 23. Ongeza kocha, meneja, mtu wa huduma ya kwanza na dereva, unapata 27. Kabla basi halijaondoka chuoni, agiza mala (maziwa yaliyogandishwa) nusu lita kwa kila mtu, mayai 54 ya kuchemsha, chapati 54, ndizi mbivu mbili mbili, na maji mitungi mitatu ya lita 20. Viwekwe pembeni mwa uwanja, si hotelini, kwa sababu njia ya kutoka uwanjani kwenda hotelini ndiyo inayopitia baa. Wachezaji wapimwe uzito kabla na baada ya mechi. Kwa kila kilo iliyopungua, mtu anywe kama lita moja na nusu ya maji pole pole jioni ile. Mwenye kiu huimaliza bia ya kwanza kwa dakika tano, na tumbo tupu huipitisha kwenye damu upesi. Aliyekwisha kula hana haraka hiyo.

Posho isigawiwe ndani ya basi Jumamosi jioni. Itumwe kwa M-Pesa Jumatatu asubuhi. Watanung'unika mwanzoni, kwa hiyo waelezwe tangu siku ya kwanza ya msimu, na ihakikishwe kwamba kweli inaingia Jumatatu. Ikichelewa hata mara moja, mpango wote utaonekana wizi. Na yule mwenye kreti asifukuzwe. Apewe kazi: alipie chakula hicho, au basi la kuwarudisha mashabiki usiku.

Kuna hesabu moja ambayo kila nahodha anapaswa kuijua kichwani. Chukua mililita za kinywaji, zidisha kwa asilimia ya kilevi, gawanya kwa 100, kisha zidisha kwa 0.789. Unapata gramu za alkoholi tupu. Shirika la Afya Duniani huzihesabu gramu 10 kuwa kipimo kimoja. Bia ya nusu lita yenye 4.2% ina karibu gramu 17. Kota ya pombe kali, mililita 250 yenye 40%, ina gramu 79. Yaani anayemaliza kota peke yake, jambo ambalo hostelini halimshangazi mtu, amekunywa karibu bia tano. Wengi hawalioni hilo kwa sababu kota ni chupa ndogo inayoingia mfukoni, na ikichanganywa na kinywaji cha kuongeza nguvu haichomi kooni. Kinywaji hicho hakipunguzi ulevi hata kidogo. Kinaondoa usingizi tu, na usingizi ndio uliokuwa umwambie mtu aache. Muguka, yale majani ya kutafuna, hufanya kazi hiyo hiyo.

Ini huondoa kama gramu 7 hadi 10 za alkoholi kwa saa. Supu, kahawa na maji baridi havibadilishi kasi hiyo. Sasa fikiria mashindano ya raga ya wachezaji saba, kama Prinsloo kule Nakuru, Dala kule Kisumu au Driftwood kule Mombasa, ambayo huchezwa Jumamosi na Jumapili. Mchezaji anayeanza saa tatu usiku na kumaliza kota mbili amebeba gramu 158. Hata ini likifanya kazi kwa kasi ya juu, zitaisha saa saba mchana siku ya pili. Robo fainali ya asubuhi inamkuta bado ana kilevi kwenye damu, na atamkaba mtu akiwa hivyo.

Hata pasipokuwa na mechi kesho yake, mazoezi yanaliwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 uliwapa wanaume wenye mazoea ya mazoezi gramu 1.5 za alkoholi kwa kila kilo ya mwili baada ya zoezi kali. Utengenezaji wa protini ya misuli ulishuka kwa 24% ingawa walikuwa wamepewa protini ya kutosha. Kwa mtu wa kilo 80 hizo ni gramu 120, kota moja na nusu. Mwambie hivyo kijana anayeamka saa kumi na moja alfajiri kwenda jimu. Atasikiliza kuliko ukimtajia ini.

Kwenye majeraha sitaki mzaha kabisa. Aliyeumia goti au kifundo akameza dawa ya maumivu kama diklofenaki au ibuprofeni asinywe pombe juu yake, kwani viwili hivyo pamoja vinaweza kulitoa tumbo damu. Aliyegongwa kichwa ni hatari zaidi. Kutapika, kuyumba, maneno kuvurugika na usingizi mzito ni dalili za ubongo uliotikiswa, na ndizo dalili za mlevi. Akinywa, hakuna atakayejua ni lipi linalomsumbua, na damu inayovuja ndani ya fuvu haisubiri. Mwongozo wa World Rugby ni kwamba asinywe pombe na asiachwe peke yake katika saa 24 za kwanza. Njia rahisi ni kumfunga kitambaa chekundu mkononi kabla hajatoka uwanjani. Timu nzima na mashabiki wajue kwamba mwenye kitambaa hapewi kinywaji, na halali chumbani bila mtu wa kumwangalia.

Karibisho la wachezaji wapya nalo liandikiwe kanuni: hakuna kulazimishwa kunywa, hakuna kushindana kumaliza chupa, na adhabu imfikie nahodha kwanza. Mgeni wa miaka 18 hawezi kuwakatalia wakubwa wake wa timu, kwa hiyo asiachiwe yeye kazi hiyo ya kukataa.

Wanafunzi wengine humtazama mchezaji ili wajue wikendi ya chuo inavyokuwa, na kwa kawaida hukisia vibaya. Mwaka 1986 Wesley Perkins na Alan Berkowitz walieleza jinsi wanafunzi wa chuo kimoja cha Marekani walivyodhani wenzao wanakunywa kuliko ilivyo kweli. Anayedhani wote wanakunywa sana huongeza ili awafikie. Lipime kwenu. Gawa karatasi zisizo na majina zenye maswali mawili: Jumamosi iliyopita ulikunywa chupa ngapi? Unadhani mwenzako wa kawaida alikunywa ngapi? Zitiwe kwenye sanduku lililofungwa na zihesabiwe na mtu asiye wa timu. Pengo likiwepo, bandika takwimu ya kweli mlangoni mwa hosteli na kwenye kundi la WhatsApp. Pasipokuwa na pengo, usibandike kitu, na usizipambe namba. Wanafunzi wakigundua mara moja, hawataamini tena. Hata kwenye sherehe, asiyekunywa kwa ajili ya dini au kwa hiari yake apate soda baridi kwa bei ya dukani, si kwa bei ya kumkomoa.

Walinzi wa kweli usiku ni wenzake wa chumba. Mlevi asiyeamka hata akifinywa, anayepumua chini ya mara 8 kwa dakika au kukaa zaidi ya sekunde 10 bila kuvuta pumzi, mwenye ngozi baridi au midomo ya samawati, huyo ni wa hospitali sasa hivi. Mlaze ubavu, goti la juu likunjwe mbele, mdomo uelekee chini ili matapishi yatoke. Usimwogeshe, usimpe kahawa, usimwache "alale iishe". Akilalamika kesho yake kwamba haoni vizuri, hata kama amepata nafuu, huenda alikunywa methanoli, alkoholi yenye sumu; dalili zake huweza kuchelewa saa 12 hadi 24, na akicheleweshwa anaweza kupofuka. Mkuu wa masuala ya wanafunzi chuoni atangaze kwa maandishi kwamba anayeita msaada na anayesaidiwa hawatashtakiwa kwa kunywa. Bila karatasi hiyo, wenzake watamficha.

Mwisho, upimaji wa afya wa mwanzo wa msimu uwe na maswali matatu ya AUDIT-C, kipimo kifupi cha unywaji wa pombe: unakunywa mara ngapi, vipimo vingapi kwa siku ya kawaida, na ni mara ngapi unafikisha sita au zaidi. Alama ni 0 hadi 12. Mwanamume akifikisha 4 au mwanamke 3, muuguzi azungumze naye faragha, bila kumhubiria, amwachie mwenyewe aseme anataka kupunguza nini. Kule Moshi, hospitali ya KCMC imewahi kujaribu mpango wa mazungumzo mafupi ya namna hii kwa majeruhi, uitwao Punguza Pombe Kwa Afya Yako, kwa hiyo maneno ya Kiswahili ya kazi hii yapo. Kocha asione alama hizo kamwe, la sivyo wote wataandika sifuri. Na anayekunywa kila siku na kutetemeka asubuhi asiambiwe aache ghafla, kwani anaweza kupata kifafa ndani ya siku mbili. Apelekwe kwa daktari, au apige simu ya bure ya NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, 1192.